Taa za ziwani ziwekwe wanakoonyesha wavuvi

Mhariri,

Mulika mwizi, ile taa kali ya mlingoti mrefu, inayosimikwa kwenye gati la samaki inawafaa sana akina mama wanaouza omena alfajiri, na sina neno nayo. Ila kwa mvuvi aliye katikati ya Ziwa Victoria usiku, hiyo ni taa moja tu miongoni mwa nyingi. Msimu wa omena, usiku wa giza, taa za mashua hupangana majini hadi ukadhani ni mji. Nchi kavu iko upande gani?

Nililiwaza hili nilipozuru Cape Point, Afrika Kusini. Mnara wa kwanza wa taa pale uliwashwa mwaka 1860 juu kabisa ya jabali, mita 238 hivi kutoka usawa wa bahari, ili uonekane mbali. Kumbe kilele hicho hufunikwa na ukungu mara kwa mara. Niliuona kwa macho yangu: nikiwa nimeegemea ukuta chini ya mnara, ukungu ulipanda kutoka majini, ukameza miamba, ukameza bahari yote, na juu yetu jua bado linawaka. Baharia wa huko chini angeona nini? Mwezi Aprili 1911, meli ya abiria ya Ureno, Lusitania, iligonga mwamba wa Bellows karibu na hapo. Ndipo ikajengwa taa nyingine chini zaidi, mita 87 tu juu ya maji, ikaanza kazi mwaka 1919. Humulika mara 3 kila sekunde 30. Nahodha akihesabu, anajua hiyo ni Cape Point wala si taa nyingine.

Sisi pia tunahitaji taa za namna hiyo: kila moja na mwako wake, ili kati ya fuo zetu taa ya Dunga isifanane na ya Usenge, wala ya Usenge na ya Mbita. Dhoruba za ziwa letu hupenda kuzuka usiku, na mtu anayekimbilia ufuoni hana muda wa kubahatisha.

Naziomba kaunti zote za ziwa na mamlaka ya usafiri wa majini ziwaite viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo za wavuvi, kabla mkandarasi hajachimba msingi wa taa yoyote. Wahandisi wapande mashua pamoja na wavuvi, usiku usio na mbalamwezi, waonyeshwe miamba yenyewe na mahali taa inapoonekana kutoka majini.

Mkazi wa Dunga,
Kisumu