Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: breki kwanza, rangi baadaye

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na vijana mliojiunga mwaka huu karibuni sana.

Katiba ya chama chetu cha wenye malori ya zamani inamtaka mwenyekiti asimame mbele ya mkutano mkuu kila mwaka aeleze chama kimefanya nini na kinaelekea wapi. Nitaeleza yote kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, lakini mniwie radhi nikikaa zaidi kwenye breki na magurudumu. Mwaka huu hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Kwanza uhai wa chama. Tumepata wanachama wapya kutoka Muheza na Korogwe, na wenzetu wachache wa Mombasa wanaovuka mpaka wa Horohoro kuja kwenye mikutano yetu. Malori yetu mengi bado ni Bedford za boneti ndefu, zile za mfululizo wa J ulioanza kutoka kiwandani mwaka 1958. Zipo pia Leyland, Austin, na Fiat 682 moja ambayo mwenye nayo anaifufua uani kwake polepole, kila apatapo fedha. Karibu sote tunatengenezea nyumbani, chini ya mwembe au turubai, na fundi tunamwita pale kazi inapotushinda. Nimetembelea nyua nyingi mwaka huu na nimefurahi kwa niliyoyaona.

Sasa nije kwenye safari ya Lushoto. Wengi mlikuwepo. Kupanda kutoka Mombo malori yote yalikwenda vizuri, na pale Lushoto watu walitujalia hata tukakosa nafasi ya kula. Shida ilikuja wakati wa kushuka. Ile ni barabara ya kona juu ya kona, na kutoka mjini Lushoto mpaka Mombo unateremka karibu mita 1,000. Katikati ya mteremko Bedford ya mwenzetu ikakanyagwa breki na pedali ikazama mpaka chini. Dereva hakubabaika. Alirudisha gia ya pili, akavuta breki ya mkono, akalibania lori kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Kilichoumia ni madigadi na taa moja. Upande wa pili wa barabara palikuwa na korongo, na nyuma ya lori walikaa watoto. Namshukuru Mungu, na namshukuru dereva yule mbele yenu wote.

Tulipofungua breki uani kwake, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ilikuwa nzima na raba zake za kuzuia mafuta hazikuvuja. Ubaya ulikuwa kwenye mafuta ya breki, meusi, yaliyokaa humo miaka mingi. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na kwetu pwani hewa yenyewe ni maji matupu. Mafuta mapya ya DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, hata yasiyofika asilimia 4, kipimo kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140, na yetu yalikuwa yamenyonya kuliko hapo. Dereva akishikilia breki mteremko mzima, ngoma za breki ndani ya magurudumu zinawaka moto, joto linafika kwenye silinda za magurudumu, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Ukikanyaga, unabana mvuke tu na breki haisukumwi.

Ndugu zangu, malori yetu mengi yana njia moja tu ya breki. Gari la kisasa likikatika bomba moja, jozi nyingine ya magurudumu inabaki na breki. Bedford ya J ya zamani ikikatika bomba moja, umekosa yote, umebaki na breki ya mkono na gia. Kwa hiyo siwezi kukubali tena kusikia mwanachama amepiga rangi mpya, ameweka nikeli kwenye bampa, na mafuta ya breki hajui yalibadilishwa lini. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na kwa wanaokaa karibu na bahari ningependa iwe kila mwaka. Upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki utolewe kwa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Na asije mtu akajazia oili ya injini au haidroliki kwa kuwa chupa imeisha: raba zinavimba, breki zinagoma kuachia, na kazi yote inarudi mwanzo.

Wapo pia wanaoshuka na fri, yaani bila gia, ili kubana dizeli au petroli, na wengine hata kuzima injini. Breki za Bedford zinasaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini. Ukizima, msaada unabaki wa kukanyaga mara chache tu, kisha mguu wako unapambana peke yake na tani za lori. Mzee wetu mmoja, aliyeendesha njia ya Zambia miaka ile baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, kabla reli ya TAZARA haijajengwa, alituambia kanuni yao ilikuwa fupi: gia uliyopandia mlima ndiyo unayoshukia. Kamati imeiandika kwenye kadi ya kila dereva wa msafara.

Jambo jingine la breki ni vumbi. Laini nyingi za zamani, zile bitana za breki zinazosugua ngoma, zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Linaleta saratani baada ya miaka mingi, wakati mtu ameshasahau alilipatia wapi. Tusipulize ngoma kwa kompresa wala kwa mdomo. Tuloweshe kwanza kwa maji, tufute kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Watoto wanaopenda kukaa karibu tukifanya kazi, na wanapenda kweli, siku ya kufungua ngoma wakacheze kwingine.

Magurudumu. Rimu zetu za inchi 20 zina pete ya pembeni inayoshikilia tairi. Pete hiyo ikiwa na kutu au haikukaa sawasawa kwenye mfereji wake, wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka kwa nguvu ya kuua mtu. Hili limetokea duniani mara nyingi mno kwa watu waliokuwa wanainamia tairi kuangalia. Utaratibu tunaouomba ni huu: kabla ya kulegeza nati ya gurudumu, toa sindano ya vali na uache upepo wote uishe, kwa magurudumu pacha ya nyuma, toa upepo wa yote mawili. Pete isugwe kutu, iliyopinda au kupasuka itupwe, isichomelewe. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu na ung'ang'anie vali wenyewe, nawe usimame pembeni. Pete isigongwe nyundo tairi likiwa na upepo, hata kidogo. Kizimba cha chama kimekwisha kuchomelewa na kinaazimwa bure.

Kwa wapya nitaongeza hili, maana nimeona boliti zimekatwa bila sababu. Bedford hizi nati za magurudumu ya upande wa kushoto zina uzi wa kinyume. Unalegeza kwa kuzungusha kuelekea kulia. Mtu asiyejua anaongeza bomba kwenye spana, anaita na taniboi amsaidie kuning'inia, mpaka boliti inakatika. Na spana ziwe za inchi. Spana ya milimita 19 inaingia vizuri kwenye nati ya robo tatu inchi, kwa kuwa tofauti ni ndogo mno. Ila nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inailamba pembe taratibu mpaka inakuwa duara. Chama kimenunua seti nzuri ya spana za inchi, iko kwa mtunza vifaa.

Upande wa injini sina malalamiko makubwa, isipokuwa termostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wengi wakikutana na injini inayochemsha, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuing'oa. Injini inaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anashukuru, lakini sasa inafanya kazi ikiwa baridi, oili inashika uchafu, silinda zinalika, dizeli haiungui yote. Chanzo kwa kawaida ni rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima yenye chumvi. Tuzibue rejeta, tutumie maji safi na dawa yake, na termostati irudi mahali pake. Wenye injini za petroli wakumbuke kwamba petroli yenye risasi iliondolewa mwanzoni mwa 2006, na injini nyingi za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali, yaani pale vali zinapokalia zikifunga. Ukifungua silinda hedi kwa sababu nyingine yoyote, tia viti vigumu hapo hapo.

Vipuri vimekuwa kazi, kama kawaida. General Motors iliuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, na kampuni iliyonunua ikafilisika mwaka 1992, kwa hiyo hakuna kiwanda cha kukiandikia barua. Bahati yetu ni Pakistan. Kule Bedford ni lori la kila siku mpaka leo, na vipuri vyake vingi vinatengenezwa huko. Mwaka huu tuliagiza kwa pamoja raba za breki, laini na gasketi, na nauli ikagawanyika. Sehemu ya raba zilikuwa hafifu, tukazirudisha, na muuzaji akatubadilishia. Kisichopatikana tunakikereza hapa hapa Tanga, maana mji huu bado una mafundi wa mashine wenye mikono ya dhahabu. Nawaomba tuwapelekee vijana wajifunze kwao wakati wangali kazini.

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Hatuna deni. Ada za wachache zimechelewa na tumezungumza nao kwa upole.

Kamati inaleta mapendekezo mawili tuyapigie kura leo. La kwanza: lori lolote lisiingie kwenye msafara wa chama bila kukaguliwa breki, pete za rimu na usukani na wanachama wawili ambao si wenye lori hilo. La kwangu litakuwa la kwanza kukaguliwa. La pili: sehemu ya ada itengwe kuwakopesha mafuta ya breki na raba wanachama ambao mfuko umebana, ili umaskini usiwe sababu ya mtu kuendesha lori lisilosimama. Najua baadhi yenu mngependa fedha hiyo iende kwenye rangi kwa ajili ya maonyesho. Nimewasikiliza, na bado nasema hapana.

Yakipita, ukaguzi wa kwanza utafanyika Jumamosi ya kwanza baada ya mvua za masika, uwanja ule ule wa siku zote, kuanzia saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na jeki yake, magogo mawili ya kuegemeza ekseli, na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa.

Mwenyekiti