Kaka wa Makuyuni, asante

Kaka uliyesimamisha pikipiki pale Makuyuni, jina sikukuuliza, na hilo linanisuta. Tangu niinue Land Cruiser yangu inchi 3, chini kulikuwa na mlio, nikiachia pedeli ya mafuta ndiyo unazidi. Mafundi wawili walishanipigia hesabu ya difu nzima, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi! Wewe uliweka mawe kwenye matairi, ukaniambia nitoe gia, ukalala mchangani na shati lako safi, ukaitikisa propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, kwa mikono. "Krosi hii, bosi. Umeinua gari, shafti imekaa kona kali." Kweli, krosi ya nyuma, kile kiungo kinachounga shafti na difu, ilikuwa kavu, inatoa vumbi jekundu la kutu. Nimebadilisha krosi, nikaweka kabari kwenye springi ili difu itazame juu kidogo na kona ipungue. Kimya. Soda uliikataa, bado nakudai uinywe.