Shukrani kwa mzee wa Gadsby's Tavern

Mzee uliyetutembeza Gadsby's Tavern, nyumba ya kale ya wageni na vinywaji iliyo sasa makumbusho, Alexandria, Virginia, Marekani, jina lako hatukulipata, basi shukrani zikufikie hapa. Wengi hudhani mbao za kuta za ukumbi wa dansi, katika jengo la 1792, ni za asili. Wewe ulisema wazi ni nakala. Zile za asili zilinunuliwa na makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 1917. Kisha ukatutoa nje, pembe ya mitaa ya Cameron na Royal, tulichungulie shimo la kuhifadhia barafu kupitia kioo (wageni hulipita tu!). Barafu ilivunwa majira ya baridi, ikashindiliwa humo. Maji yake yasipotolewa, iliyobaki huyeyuka upesi. Wala hukuficha habari za watumwa ambao jasho lao ndilo lililoiendesha nyumba ile. Ahsante sana.