Jumamosi na wazee wetu

Shikamooni wazee, vijana, mambo! Jumamosi saa 10 alasiri tunakutana Bagamoyo, ufukweni karibu na mnada wa samaki. Safari hii kila kijana akae na mzee mmoja mpaka magharibi, si kupiga picha na kutoweka (mnajijua). Mara iliyopita mzee wetu wa zeze alimwonyesha binti mmoja kukaza uzi, nusu saa nzima, uzi tu! Binti naye akamfundisha kujirekodi kwa simu. Sasa wanapigiana simu kila siku, mimi hata sisalimiwi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyepiga zeze na marimba, alipanda jukwaani na Charles, kijana wa ukoo wake, basi wenye marimba waje nayo. Kahawa na kashata ninazo. Mchango wa nauli ya wazee nitumieni kabla ya Ijumaa.