Mikoko ya picha haitusaidii

Mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi nami niseme langu kuhusu mikoko yetu huku Pemba, mana kila ikifika Februari 2, siku ya ardhioevu duniani, au siku yoyote tu akija mgeni mkubwa, magari yanashuka pwani, fulana mpya zinagaiwa, watu wanachomeka miche mistari mistari, picha zinapigwa halafu basi. Kesho yake tunasoma idadi iliyopandwa. Iliyobaki hai baada ya mwaka mbona haiandikwi?

Mie si mtaalamu ila watu wa pwani tunajua kila mti na pahala pake. Mlilana ndo uko mbele baharini, mkoko wenyewe unataka matope laini ya kwenye vijito, mkandaa uko nyuma huko kwa juu. Sasa kinachopandwa karibu kila mara ni mkoko tu, kwa sababu mbegu yake inachipua ikiwa bado juu ya mti, ndefu, unachuma unachomeka kazi imekwisha. Wanachomeka hata kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, pahala ambapo tokea mababu hapajaota kitu, likija bamvua moja linazoa lote. Mbegu hiyohiyo ingeachwa ingeanguka, ikaelea, ikajipanda yenyewe panapoifaa, ilimradi maji yanapwa na kujaa kama kawaida na hapana mtu na panga.

Na hapo kwenye panga ndo penye tabu, tusifichane. Watu wanakata boriti, wanakata kuni, magogo yanakwenda kwenye matanuu ya chokaa, na pengine pote panafyekwa pakachimbwa mabwawa ya chumvi. Anaekata hakati kwa ubaya, ana watoto wanataka kula. Lakini mama anaeokota chaza na kombe mule mule nae ana watoto, na mvuvi pia, mana samaki wadogo na kamba wanakulia kwenye mizizi ile. Halafu kuna mabonde ya mpunga yaliyoingia maji ya chumvi, hayo Wapemba hatuhitaji kuhadithiwa. Barabara nazo, likijengwa tuta bila ya kalvati za kutosha maji hayapiti, mikoko ya nyuma inakufa imesimama, na hapo hata ukipanda miche elfu ni bure.

Tanzania iliingia mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha yake, Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Zanzibar hatuna hata moja. Linaniuma lakini si sana, jina kwenye orodha halimzuii mtu kukata. Kinachomzuia ni kupata riziki pahala pengine. Kule Unguja, hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, wageni wanalipa kupita juu ya daraja la mbao ndani ya mikoko na wanavijiji wanapata chao, kwa hiyo wana sababu ya kuilinda.

Ombi langu kwa wahusika, kabla ya kuleta miche waulizeni wenyeji na kamati za shehia kwanza kwa nini mikoko pale imepotea. Pesa za fulana zipandeni mivinje mashamba ya juu tupate boriti na kuni. Na nyinyi waandishi, mkialikwa kwenye upandaji nendeni, ila mwaka wa pili rudini bila ya kualikwa mkahesabu, halafu muiandike hiyo idadi ukurasa wa mbele.

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba