Kwenu Mnaofundisha Uchumi wa Kilimo

Wanangu,

Nimesikia mmekaa tena kujadili kwa nini viti vya mwaka wa kwanza vinabaki vitupu, na kwamba baadhi yenu mnataka neno "kilimo" liondolewe kwenye jina la shahada ili vijana wasikimbie. Nimefundisha somo hili mpaka nikastaafu, basi nivumilieni niseme langu.

Jina mkitaka libadilisheni, halinikoseshi usingizi. Kinachoniuma ni kwamba kijana akisikia kilimo anaona jembe, akisikia uchumi anaona benki, na hakuna aliyempeleka mahali hayo mawili yanapokutana. Akija kuuliza, tunampa kipeperushi chenye picha ya shamba. Akijiunga, tunamlisha grafu wiki sita mfululizo kabla hajaongea na mkulima hata mmoja.

Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka mingi. Aliyenizindua ni binti aliyeijaza kozi yetu chaguo la tatu, akawa anangoja tu nafasi ya kuhama. Siku moja niliingia darasani na kreti mbili za nyanya, uzito sawa. Moja ilikuwa imechambuliwa kwa ukubwa na rangi, nyingine mchanganyiko. Nikauliza: mnunuzi atalipa zaidi ipi, na ile nyongeza itaishia kwa nani, mkulima au dalali? Hawakunisubiri nimalize. Kipindi kilipokwisha binti yule alibaki mezani pangu, ameshika nyanya, anataka kujua kama rangi peke yake inaweza kupimwa inaongeza bei kiasi gani. Nikamwambia swali lake lina wenyewe: mwaka 1928 mwanauchumi Frederick Waugh alichapisha utafiti wa mboga za soko la Boston, Marekani, akakokotoa jinsi bei ya asparagasi ilivyopanda kadiri sehemu yake ya kijani ilivyokuwa ndefu. Leo wanaokadiria thamani ya nyumba wanafuata njia ya namna hiyohiyo. Binti hakuhama.

Hazina kama hiyo tumeikalia. Mwaka huohuo wa 1928 Philip Wright, akichunguza ushuru wa mafuta ya wanyama na mimea, alieleza mbinu ya kutenganisha athari za ugavi na za mahitaji, na wanauchumi wa kila tawi wanaitumia hadi leo. Mwaka 1957 Zvi Griliches alionyesha kuwa kasi ya wakulima wa Marekani kupokea mahindi chotara ilifuata kwa sehemu kubwa faida waliyoitarajia. Waliochelewa walikuwa na hesabu zao. Theodore Schultz, mtoto wa shambani, alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979. Kijana mwenye kipaji cha hesabu hajaambiwa lolote kati ya haya.

Kwa hiyo mfuateni kabla hajajaza fomu. Ombeni kipindi kimoja kwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, muulize darasa hivi: mavuno yakiwa mazuri kwa kila mtu, kwa nini mkulima anaweza kurudi nyumbani na pesa pungufu kuliko mwaka wa mavuno haba? Waacheni wabishane. Watafika wenyewe kwamba chakula kikishuka bei kwa nusu, mtu hawezi kula mara mbili ya alivyozoea, basi mavuno yakizidi bei huporomoka kuliko mauzo yanavyoongezeka. Hapo ndipo muwachoree grafu, maana sasa wanaihitaji.

Ufadhili ni jambo jema kwa asiye na ada, utafuteni. Ila msiutegemee kumfanya mtu apende somo. Na kuhusu ajira semeni kweli tupu: wahitimu wetu wako kwenye bima ya mazao, mikopo, wizara, utafiti, biashara ya nafaka, na wapo waliosubiri muda mrefu. Mzazi akigundua mlimpamba mwanawe kwa ahadi, mdogo wake hamtampata.

Nina ombi moja. Kozi ya bei za chakula ifungulieni wanafunzi wa vitivo vyote, na apewe mwalimu wenu bora, siyo aliyeajiriwa jana. Wa takwimu na wa uchumi watakuja kuonja, na baadhi yao watabaki. Mkiianzisha, nitumieni ratiba. Kreti za kipindi cha kwanza nitazibeba mimi.

Mzee wenu.