Kuhama Jumamosi, tujipange mapema
Habari za jioni wapendwa, Jumamosi ndo tunamhamisha mwenzetu kutoka Sinza kwenda Chanika, kirikuu itafika saa 1 asubuhi kwahiyo kila kitu kiwe kimeshafungwa Ijumaa usiku, tukianza kufunga gari likiwa nje dereva atadai hela ya kusubiri na dada yetu hana hiyo hela. Wenye maboksi ya dukani na viroba leteni, nguo tutafunga kwenye mashuka, vyombo tuvizungushie magazeti na sahani zisimamishwe, zikilazwa zinapasuka kirahisi. Friji lizimwe usiku huohuo barafu iyeyuke, lisafiri limesimama, na kule likae masaa kadhaa ndo liwashwe. Mtungi wa gesi regyuleta itolewe, nao usimame. Nati za kitanda zitiwe kwenye soksi tuifunge hapohapo kwenye chaga, hili naomba sana jamani, watoto wasije wakalala chini siku ya kwanza. Vyeti, kadi za kliniki, vitambulisho vya NIDA na dawa za bibi mtu asipakie kwenye gari, vibaki kwenye mkoba wa dada mwenyewe. Nani anakuja na selotepu?